Mwalimu, Kifarsi kitanilisha?

Mwezi huu barua zimegongana, nne zote zinazunguka jambo moja, mashairi ya Kiajemi, yaani ya Kifarsi, lugha ya Iran, na watu wanaoyatafsiri. Sijui upepo gani umepita huko Tanga na Bagamoyo ila nimefurahi, maana nilishachoka na maswali ya mikopo. Ya kwanza ilikuwa ndefu nimeipunguza, mwenyewe asinune.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa Makorora hapa Tanga, nimemaliza kidato cha sita na matokeo sio mabaya. Madrasa nilisoma mpaka nikahitimu kwa hiyo herufi za Kiarabu hazinisumbui. Mwaka jana nilipata kile kitabu cha Shaaban Robert cha Omar Khayyam, mshairi wa kale wa Kiajemi, kwa Kiswahili nikakisoma mpaka beti nyingine nimezishika kichwani, halafu mtu mmoja akaniambia Shaaban Robert hakutafsiri toka Kifarsi, alitafsiri toka Kiingereza. Tangu siku hiyo sina raha, nataka nisome Kifarsi nije nitafsiri toka kwa wenyewe. Baba ni mtu wa bandarini, anasema hiyo si kazi ni starehe ya wenye hela, nikasome mambo ya forodha na kliaringi nipate ugali. Sasa Mwalimu, nani mkweli? Kuna mtu amewahi kuishi kwa kazi hii?

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa matokeo. Nianze na mzee maana najua jibu hili utamsomea na yeye. Hajakosea sana. Kazi hii iliwahi kuwa starehe ya wenye hela kweli kweli. Edward FitzGerald, mwenye ile Khayyam ya Kiingereza ambayo Shaaban Robert aliipitia, alikuwa Mwingereza wa familia tajiri, ajira hakuihitaji, na Kifarsi alianza kujifunza akiwa na miaka 40 na ushee kwa kushawishiwa na rafiki yake kijana, Edward Cowell. Ni Cowell aliyekuta hati ya zamani ya rubai, yaani beti za mistari minne, za Khayyam kwenye maktaba ya Bodleian kule Oxford akamnakilia mwenzie, halafu alipokwenda kufundisha Calcutta mwaka 1856 akapata hati nyingine huko na yenyewe akamtumia nakala. FitzGerald akatoa kitabu 1859 bila hata kuweka jina lake, nakala 250, hazikununulika, muuzaji akaishia kuzimwaga kwenye boksi la vitabu vya senti nje ya duka, mpaka kama miaka miwili baadaye washairi wa London wakaziokota humo ndipo kitabu kikaanza kuvuma. Fikiria angekuwa anasubiri hiyo hela alipe kodi ya chumba.

Kuna mwingine E. G. Browne. Huyu vita vya Warusi na Waturuki vya 1877 vilimkuta bado kijana mdogo, akawaonea huruma Waturuki, akaanza kujifunza Kituruki, toka Kituruki akaingia Kifarsi na hakutoka tena. Lakini alipotaka ushauri wa mwalimu wake wa Cambridge, jibu lilikuwa kama la baba yako: kama una mali yako endelea na hizo lugha, kama huna shika udaktari. Akaushika. Akamaliza udaktari London 1887, mwaka huo huo chuo chake kikampa nafasi ya utafiti, akafunga mizigo akaenda Uajemi, akazunguka karibu mwaka mzima, Tabriz, Isfahan, Shiraz, Yazd mpaka Kerman, analala kwa watu, anakula nao, anabishana nao dini na mashairi usiku kucha. Baadaye ndo akaandika historia yake ya fasihi ya Kiajemi, juzuu 4, ya kwanza 1902 na ya mwisho 1924, halafu 1926 akafariki. Yaani mtu anaweza kuipa kazi moja miaka zaidi ya ishirini, hilo nalo ulijue mapema.

Kwa hiyo mzee ana hoja. Ila mkumbushe kitu kimoja, kwa adabu, na iwe baada ya chakula sio kabla. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapo hapo Tanga mwaka 1909, aliishi kwa kazi gani? Karani wa forodha. Aliingia 1926 akakaa humo mpaka 1944, baadaye akahamishwahamishwa idara za serikali ya mkoloni, na kitabu chake cha Khayyam kilipotoka 1952 alikuwa bado mtumishi. Kwa hiyo kazi ambayo baba anakutajia ndiyo ile ile iliyomlisha yule aliyekutia wazimu. Mi sioni ugomvi hapo. Kasome hiyo forodha ukitaka, jioni ni yako.

Na hilo la kwamba hakutafsiri toka Kifarsi lisikukoseshe raha. Alichokuwa nacho ni Kiswahili, tena Kiswahili ambacho wewe na mimi tukikaa karne hatukifikii, na bila hicho hata ungekijua Kifarsi kama mzaliwa wa Nishapur, mji wa Khayyam, tafsiri yako itakuwa kavu. Hapa ndo nataka unielewe vizuri maana vijana wengi wanaoniandikia wanadhani mtafsiri anatengenezwa na lugha ya kigeni. Hapana bana. Lugha ya kigeni inakuwezesha kuelewa, lakini anayeandika ni Mswahili, na msomaji wako wa Ngamiani hatajali umesoma Tehran miaka mingapi kama ubeti wako unajikwaa.

Ila hamu yako ya kwenda kwa wenyewe nayo ni ya haki, na sababu ni hii. FitzGerald alijichukulia uhuru mkubwa mno. Aliunganisha rubai mbili kuwa moja, akaacha asizozitaka, akazipanga upya zionekane kama siku moja ya mtu toka alfajiri mpaka usiku, na akamwandikia Cowell waziwazi kwamba anafurahia kuwafanyia Waajemi apendavyo maana haoni kama ni washairi wa kumtisha. Kauli hiyo mimi inaniudhi mpaka leo. Ndiyo maana Khayyam tunayemjua huku mwambao ni mjukuu, sio mwana. Khayyam wa kwao alizaliwa 1048, alikuwa mwanahisabati na mtu wa nyota, alishiriki kutengeneza kalenda ya jua chini ya wafalme wa Seljuki, na katika rubai zinazopachikwa jina lake nyingi wataalamu hawakubaliani kama ni zake. Hayo yote huwezi kuyaona ukiwa umesimama upande wa Kiingereza.

Sasa, kuna mtu ameishi kwa kazi hii? Yupo. Dick Davis, Mwingereza aliyezaliwa 1945, mshairi kwanza kabla ya yote. Mwaka 1970 akaenda Iran kufundisha Kiingereza, akakaa miaka 8, akaoa huko huko, mke anaitwa Afkham Darbandi, wakaondoka 1978 nchi ikiwa inachemka kuelekea mapinduzi. Aliporudi kwao ndo akasomea Kifarsi mpaka udaktari wa falsafa, na 1984 yeye na mkewe wakatoa tafsiri ya Attar, mshairi wa kale, ule utenzi wa ndege wanaosafiri kumtafuta mfalme wao Simurgh, mbaya zaidi wakautoa kwa vina, kitu ambacho wengi walikuwa wameshakiogopa. Baadaye akawa profesa Chuo Kikuu cha Ohio State kule Marekani, akatafsiri Shahnameh ya Ferdowsi, kitabu ambacho kwa asili kina kama beti 50,000 za mistari miwili miwili, akatafsiri hadithi ya mapenzi ya Vis na Ramin, akatafsiri mashairi ya Hafez. Lakini angalia mpangilio: mshahara ulitoka chuoni kwa kufundisha, vitabu vikafuata. Wengi wao ndivyo walivyo.

Kwa mtu wa Tanga mshahara unaweza kutoka wapi? Redio Tehran ina idhaa ya Kiswahili na inahitaji watu wa kutafsiri habari toka Kifarsi kila siku ya Mungu. Kuna tamthilia za Kiirani zinazotiwa sauti za Kiswahili. Kuna ukalimani wa wafanyabiashara na mabaharia. Sio ushairi, ni kweli, ila mtu anayetafsiri habari kila siku mkono wake unakuwa mwepesi. Kusoma lugha yenyewe anza kwa kuulizia kituo cha utamaduni cha ubalozi wa Iran pale Dar kama wana darasa, kisha ukiwa serious kuna Taasisi ya Dehkhoda ya Chuo Kikuu cha Tehran inayofundisha wageni Kifarsi, na Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Imam Khomeini kule Qazvin ambako wanafunzi wa nje huanzia kwenye lugha kabla ya digrii. Kiswahili chako nacho kipeleke shule, TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili pale Mlimani, wanakisomesha mpaka udaktari.

Na usiogope lugha yenyewe. Herufi ni zile za madrasa, zinaongezeka nne tu, za p, ch, zh na g. Maneno ya Kiarabu yaliyojaa humo nusu yake bibi yako anayatumia jikoni. Kitenzi kinakaa mwisho wa sentensi, hiyo itakusumbua miezi kadhaa halafu basi. Halafu kuna jambo ambalo Waingereza linawatesa na sisi tumepewa bure: Kifarsi hakina mwanamume na mwanamke kwenye sarufi, yeye ni yeye. Hafez anamlilia mpenzi kitabu kizima na hujui ni binti, ni kijana wa kiume, ni mfalme anayeombwa riziki au ni Mungu mwenyewe. Mwingereza lazima achague, akichagua tu ameshaharibu. Wewe utaandika "yeye" ukapita zako, na wazee wetu wa taarabu wamekuwa wakifanya hivyo hivyo miaka nenda rudi, ukumbini kila mtu anajua anaimbiwa nani na hakuna aliyetajwa. Tena mshairi wa ghazali, yale mashairi mafupi ya mapenzi, huweka jina lake kwenye mistari ya mwisho, kama malenga wetu anavyojitaja kwenye tamati. Utajiona uko nyumbani.

Ngoja nikuonyeshe kidogo kazi ilivyo. Saadi wa Shiraz, kwenye Gulistan aliyoimaliza 1258, ana mistari inayojulikana kuliko yote, inaanza bani adam a'za-ye yekdigarand. Neno kwa neno inasema hivi: wana wa Adamu ni viungo vya wao kwa wao, kwa kuwa katika kuumbwa wametoka johari moja, zama zikikitia kiungo kimoja maumivu, viungo vingine havibaki na utulivu, wewe usiyehuzunika kwa taabu za wengine, haifai upewe jina la mwanadamu. Ukiishia hapo umefanya kazi ya kamusi. Mswahili anataka mizani 8 kwa 8 na vina viwili, kwa hiyo unakaa chini unakuna kichwa, na unaweza kufika hapa:

Watu ni mwili mmoja, viungo vyaungamana
Johari yao ni moja, ndiko walikotokana
Kikiuguwa kimoja, vingine raha havina
Usohurumia mja, jina la utu we' huna

Hesabu mizani zipo, vina vipo, jozi tatu za Saadi zimeingia kwenye ubeti mmoja. Lakini angalia kilichoachwa mlangoni: zama. Kwa Saadi ni zama, yaani dunia na mapito yake, ndizo zinazokiumiza kiungo, kwangu kiungo kinaugua tu chenyewe. Msomaji mkali atanishika hapo, na mimi nitamjibu kwamba kina cha -ja kilikuwa kinabana nikaona bora nitoe hicho kuliko kutoa johari. Atanikubalia au atakataa. Ukiipenda kazi ya kubishana hivyo na nafsi yako ubeti hadi ubeti, basi umeumbiwa, ukiona inakera rudi kliaringi bila aibu.

SWALI: Mwalimu habari. Mimi ni msanii Bagamoyo, natafsiri mashairi ya Rumi, yule mshairi wa kale wa Kiajemi, toka vitabu vya Kiingereza nayasoma jukwaani na watu wanayapenda sana, sasa nataka nitoe kijitabu. Kifarsi sijui na kusema kweli sina mpango wa kujifunza. Kuna ubaya?

JIBU: Njema ndugu yangu. Jukwaani sioni ubaya, kijitabu ndo tuongee. Kwanza umenukuu Kiingereza cha nani? Maana Rumi, aliyefariki 1273, hamdai mtu, ila mtafsiri wake anaweza kukudai. Kama ni Coleman Barks, ambaye nadhani ndiye maana ndiye anayezagaa, kitabu chake kilichouzika sana ni cha 1995 na haki zake ziko hai, unatakiwa ruhusa, nenda ofisi za COSOTA, wanaoshughulikia hakimiliki, wakueleze kabla hujalipa mchapaji. Pia jua kwamba Barks mwenyewe hajui Kifarsi, anasema wazi, alikuwa anachukua tafsiri za wasomi kama Nicholson na Arberry anazigeuza kuwa mashairi huru ya Kimarekani, na katika kugeuza huko Uislamu mwingi wa Rumi ukapungua. Kwa hiyo wewe wa Bagamoyo unayeijua Kurani unampokea Rumi aliyekwishapunguzwa, wakati aya alizokuwa anazirejea ungezitambua hata usingizini. Mi hilo linanisikitisha kuliko suala la haki.

Mbadala upo. R. A. Nicholson alifariki 1945, haki zake zimeisha muda. Alihariri na kutafsiri Mathnawi yote, ule utenzi mrefu wa Rumi, juzuu 8, kati ya 1925 na 1940, maandishi ya Kifarsi, tafsiri na maelezo. Kiingereza chake ni kizito kama gunia la chumvi lakini hakikuongezei wala hakikupunguzii, isipokuwa sehemu zile za mambo ya chumbani, hizo aliona haya akazitafsiri kwa Kilatini. Kweli kabisa, unasoma Kiingereza ghafla unakutana na Kilatini, ujue hapo Rumi kasema neno.

Pili, andika juu ya jalada umetafsiri toka Kiingereza cha nani, usijitie umetoa kwa wenyewe. Mwaka 1967 Robert Graves, mshairi mkubwa wa Uingereza asiyejua Kifarsi, alitoa Khayyam mpya akishirikiana na Omar Ali-Shah aliyedai kwao kuna hati ya kale kuliko zote. Hati ikaombwa, haikuonekana. Msomi Elwell-Sutton akaja akaonyesha kwamba hiyo "hati ya kale" inafuata mpangilio wa kitabu cha uchambuzi kilichochapwa London 1899, cha mtu aliyekuwa anatafuta FitzGerald alitoa wapi mistari yake. Graves aliamini maneno ya mwenzie kwa kuwa hakuwa na uwezo wa kuyakagua, jina lake likachafuka uzeeni.

SWALI: Shikamoo Mwalimu, mimi ni binti wa Chumbageni. Kwenye vitabu naona wanaume watupu wakitajwa kwa mambo ya Kifarsi. Wanawake hakuna?

JIBU: Marahaba mama. Wapo, tena wazito. Annemarie Schimmel, Mjerumani, alianza Kiarabu akiwa na miaka 15, akapata udaktari wake wa kwanza Berlin akiwa na miaka 19, mwaka 1954 akaenda kufundisha kitivo cha theolojia Ankara, mwanamke tena si Mwislamu, na toka 1967 alikuwa Harvard kwa miaka 25. Ann Lambton wa London aliandika sarufi ya Kifarsi 1953 ambayo vizazi vimeisomea. Na Gertrude Bell, huyu wengi wanamjua kwa siasa za Iraki, lakini 1897 alitoa tafsiri ya Hafez ambayo mpaka leo wenye masikio wanaisifu. Alimsoma Hafez Tehran pamoja na kijana aliyetaka kumuoa, wazazi wakakataa, kijana akafariki mwaka uliofuata. Alitoa kitabu hicho kimoja cha mashairi akaachana na kazi hiyo kabisa. Huyo Afkham Darbandi niliyemtaja kule juu naye usimsahau, jina lake liko kwenye jalada la Attar sambamba na la mumewe.

Halafu nikuulize na wewe, washairi wanawake wa Iran umewasoma? Dick Davis alitoa mkusanyo wao wa miaka elfu moja, mwaka 2019. Anza na Forugh Farrokhzad, aliyefariki kwa ajali ya gari 1967 akiwa bado kijana. Mtu akimtia Forugh kwenye Kiswahili kizuri nitanunua nakala kumi nigawe.

SWALI: Mwalimu, niko Tanga mjini, nimeanza kujifunza Kifarsi mwenyewe kwa simu. Kuna jamaa anauza kamusi kwa faili, anataka elfu kumi na tano. Ninunue? Na mashairi yenyewe kwa Kifarsi nayapata wapi?

JIBU: Usinunue. Kama ni ile kubwa ya Steingass, ya Kifarsi kwa Kiingereza, ilitoka 1892, iko wazi kwenye tovuti ya Chuo Kikuu cha Chicago, unaandika neno inakuletea, hulipi kitu zaidi ya bando. Ni ya zamani, kwa lugha ya magazeti ya leo haifai, lakini kwa Hafez na Saadi ndiyo hasa. Mashairi ingia Ganjoor, karibu washairi wote wa kale wamo, Ferdowsi, Nezami, Rumi, na mengine yana sauti za watu wakiyasoma, sikiliza hizo kwanza kabla ya kusoma maana irabu fupi haziandikwi. Huyo jamaa mwambie Steingass ameshakufa, hahitaji wakala.